Beringi Juu ya Kichanja cha Vyombo

Mkataba wangu wa mgodini ulipoisha na asitokee mtu wa kuzungumzia kuuongeza, tulifunga vyombo kule Geita, mimi na mke wangu na watoto, tukahamia Ngokolo, mjini Shinyanga, nyumbani kwa mama mkwe. Naliandika hili haraka ili nilipite. Kwa Wasukuma mwanaume hahamii ukweni. Akienda huko huenda kama mgeni, amevaa vizuri, ana kitu mkononi, na jua likianza kushuka anaaga. Mimi nilishuka kwenye fuso pamoja na magodoro. Majirani walisaidia kushusha, wakanipa pole kwa sauti ya msibani, na nilimchukia kila aliyenipa.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sikusubiri kupewa. Mbele ya nyumba, chini ya banda la mabati, ilikuwapo Landrova ya marehemu baba mkwe, ile ndefu ya zamani, ya petroli, aliyoinunua ikiwa tayari imechoka na akaitunza kuliko ng'ombe zake. Haikuwa imewaka tangu alipofariki. Kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Nilivaa ovaroli yangu ya mgodini, nikawafukuza kuku, nikafungua boneti.

Lazima nieleze kwanza jinsi mimi na mama mkwe tulivyoishi. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume huoneana haya. Hawatazamani machoni, hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Salamu hutolewa kwa mbali, kila mtu amegeuzia uso pembeni. Watu wengi wa mjini wameyaacha haya mambo, yeye hakuyaacha. Kila asubuhi nilisikia salamu yake ya Kisukuma kutoka dirishani: "Mwangaluka, baba." Nami, nikiwa nimeinamia injini, nikajibu kwa kumwita mama: "Mwangaluka, mayu. Shikamoo." "Marahaba." Basi, tumemaliza hadi kesho. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwangalia usoni hata nikaweza kumweleza mtu alivyo. Nilijua miguu yake, kanga zake, na kikohozi chake. Akitaka kuniambia jambo alimtuma mke wangu, na jambo lenyewe lilikuja moja tu. Alisema angefurahi gari la mzee likinguruma tena, kwa sababu zamani alikuwa akilisikia kule kwenye kona ya barabara, anabandika maji ya ugali, na mzee akifika yanachemka.

Hakuwa ameniomba kitu kingine tangu nimwoe binti yake. Lakini nisijifanye mkwe mwema. Sikufungua ile injini kwa ajili yake. Niliifungua ili mtaa uone kwamba mtu aliyehamia ukweni na magodoro si mtu wa hivi hivi.

Mgodini nilikuwa fundi wa injini kwenye karakana kubwa. Kule hakuna boliti inayokazwa kwa kukisia. Kila moja ina kipimo chake kitabuni, unaikaza kwa spana ya toki, ile spana ndefu unayoipangia nguvu, na nguvu ikifika spana inalia "tik" mkononi. Ukimaliza unachora mstari mweupe wa rangi juu ya kichwa cha boliti, ili yeyote anayepita ajue kwamba imeshakazwa na ni nani wa kuulizwa. Nilikuja Ngokolo na spana yangu mwenyewe ya toki kwenye sanduku lake, imelala kwenye sponji, na watoto walikatazwa hata kukaa karibu na lile sanduku.

Jirani yetu kulikuwa na gereji ya mtaani, na mafundi wake walizoea kuja jioni kuegemea ua wa minyaa na kunitazama. Wao hukaza mpaka boliti ikatae, kisha wanaongeza kidogo kwa usalama. Magari yao yanatembea. Sikuweza kuwaacha watazame kimya. Niliwahutubia. Niliwaambia kati ya kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi yake lazima ibaki nafasi ndogo ya kupita oili, sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, nyembamba kuliko unywele. Ikizidi, oili inamwagika pembeni na injini inagonga. Ikipungua, chuma kinakula chuma. Niliwaonyesha uzi laini wa plastiki unaobanwa humo ndani, kisha unafungua tena na kupima ulivyotandazika. Waliitikia, "Aisee," na mmoja wao aliuliza kama huo uzi unauzwa Shinyanga. Nilimjibu kwamba Shinyanga kinachouzwa ni nyundo. Walicheka, nikajiona mtu.

Siku niliyoshusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, na kutoa vifuniko vya beringi, niliona mara moja kwamba kazi ni kubwa. Beringi za gari lile ni vipande vyembamba vilivyopinda kama bangili iliyokatwa katikati. Zikiwa nzima zina rangi ya kijivu iliyotulia. Za mzee zilikuwa zimelika mpaka shaba ya chini imetokeza. Ukishaona shaba hakuna mjadala, ni za kutupa. Jioni ileile nilimpigia simu muuza vipuri wa Mwanza anitafutie mpya, na wiki iliyofuata nilibeba kranki kuipeleka hukohuko ikachongwe.

Zile za zamani sikuzitupa. Nilizipanga kwenye gunia mbele ya mlango wa nyumba, kila beringi na kifuniko chake, kwa mfuatano zilivyokuwa ndani ya injini. Ni desturi ya karakana. Beringi kuukuu husomwa, zinakuambia injini iliumia wapi. Mimi nilikuwa nimeshazisoma. Niliziacha pale kwa sababu zilipendeza machoni pa wale wa minyaani. Hapakuwa na sababu nyingine, na kule kuziweka mlangoni pa mwanamke ambaye hawezi kupita nilipo mimi, akalazimika kuzunguka kwa mlango wa jikoni wiki zote hizo, sikukuwaza hata kidogo. Mke wangu aliniambia siku moja, "Mama anapita nyuma siku hizi." Nilimjibu, "Sawa."

Kranki ilipokuwa tayari nilikwenda Mwanza kuichukua. Nilirudi na basi la mchana, kranki imefungwa kwenye gunia, nzito kama mtu aliyekataa kutembea, na mafundi wawili wa gereji jirani walinipokea kituoni, tukasaidiana kuibeba mpaka nyumbani. Tuliingia uani pamoja. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba gunia langu la mlangoni lilikuwa limefagiliwa, limekunjwa vizuri na kuegemezwa ukutani. Juu yake hapakuwa na kitu.

Jambo la pili nililiona upande wa jikoni. Kule kuna kichanja cha miti ambapo vyombo huanikwa vikishaoshwa. Sufuria zilikuwa zimeinamishwa, vikombe vimepangwa, na katikati yake, zikimetameta juani, beringi zangu na vifuniko vyangu, vimepangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo kama seti ya mabakuli. Pembeni, chini, kulikuwa na beseni la maji meusi, majivu, na magunzi ya mahindi yaliyochakaa kwa kusugua. Mtu alikuwa amezisugua beringi kwa majivu na mchanga, namna sufuria za huku zinavyosuguliwa mpaka ujione uso. Na kwa kweli zilikuwa safi. Sijawahi kuona beringi safi namna ile.

Naomba msomaji akumbuke ninachokijua mimi wakati huo. Zile beringi ni takataka. Mpya ziko ndani ya begi begani kwangu. Vifuniko vina namba zilizogongwa kiwandani; kuvirudisha kwenye mpangilio wake ni kazi ya muda wa kunywa chai. Hakuna chochote kilichoharibika. Nilichotakiwa kufanya ni kucheka.

Badala yake niliwaona wale mafundi wawili wakitazama kichanja, halafu wakitazamana. Nilipaza sauti. Nilisema, "Nani huyu mpumbavu aliyesugua beringi kama sufuria?" Mke wangu alitoka jikoni mbio, mkono mbele, ananipungia ninyamaze. Sikunyamaza, nilizidi kupaza. Nilisema mtu aliyefanya vile hana akili hata ya mbuzi. Nilisema injini imekufa, kazi yote imekufa, na kwamba ndiyo shida ya kufanya kazi ya kitaalamu kwenye nyumba ya washamba. Mke wangu akawa ameshika mdomo wake mwenyewe kwa mikono yote miwili, kana kwamba maneno yanatoka kwake.

Ndani ya nyumba nilisikia kigoda kikisogezwa. Kisha kikohozi.

"Ni mama," mke wangu alisema.

Wale mafundi waliweka gunia la kranki chini taratibu sana, wakaondoka bila kuaga. Nimekuwa nikijitetea moyoni kwamba sikujua ni yeye, na ni kweli sikujua. Nilidhani ni mke wangu. Kana kwamba hapo ingekuwa afadhali.

Mke wangu alinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Mama yake alikuwa amekaa siku nyingi akiyatazama yale mavyuma meusi kupitia mlango, vitu vya mumewe, vimelala kwenye gunia na mafuta yake kama vimefiwa. Alitaka kusaidia. Mtu mwingine angeniuliza, "Baba, hivi nivioshe?" Yeye hakuweza kuniuliza. Haya ilikuwa katikati yetu. Basi alisubiri niende Mwanza, mke wangu aende sokoni kwenye cherehani yake, akaniandalia jambo la kunifurahisha. Alisugua tangu asubuhi. Na jioni ile, baada ya mimi kumaliza kufoka, alimwuliza binti yake swali moja tu: "Nimeliharibu gari la baba yako?" Mke wangu, ambaye hajui beringi, alimjibu, "Sijui, mama. Yeye ndiye fundi."

Kulipopambazuka mama mkwe hakuwepo. Alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma na mfuko wake, amepanda gari la Kahama, anakwenda kwa mdogo wake wa kiume kule Nyarugusu kwa wachimbaji. Nilikuwa nimemfukuza mwanamke nyumbani kwake, mimi ambaye mle ndani hata kijiko si changu.

Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu: kumrudisha, na kumrudisha akiwa anajua kwamba hakuharibu kitu.

Shangazi wa mke wangu, dada wa marehemu, alikuja kabla wiki haijaisha. Ndiye mwenye mamlaka ya kusema na mimi mambo ya namna hiyo. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha mahali pa kukaa, chini.

"Umemtukana mama yako. Unajua?"

"Najua, shangazi."

"Mbuzi utaleta, na kitenge. Hilo halina mjadala."

"Ndiyo, shangazi."

"Lakini nikuambie kitu. Wifi yangu hakuondoka kwa ajili ya mdomo wako. Midomo ya wanaume ameizoea, na wa kaka yangu ukiwemo. Hana hasira na wewe. Ana aibu. Anasema ameliua gari la mume wake kwa mkono wake mwenyewe."

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilimwambia hakuliua. Nilimweleza shaba iliyotokeza, simu niliyopiga Mwanza, beringi mpya zilizokuwa kwenye begi langu wakati ninafoka. Nilimwambia hata asingezigusa, ningezitupa. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uani akatabasamu.

"Hivyo ndivyo mkwe anavyotakiwa kusema," alisema. "Umelelewa."

"Shangazi, ni kweli tupu."

"Ndiyo, baba. Ni kweli." Akanipigapiga begani. "Utamwambia hivyohivyo. Atafarijika."

Hapo ndipo nilipoanza kuona ukubwa wa nilichofanya. Mkwe hatakiwi kumwambia mama mkwe jambo la kumwumiza. Kila anachomwambia ni sharti kiwe kizuri. Kwa hiyo neno zuri la mkwe halina uzito wa habari. Ni adabu tu, kama kuvua kofia. Neno langu baya, lile nililofoka nikidhani simsemi yeye, ndilo lililoaminika, kwa sababu lilitoka bila adabu.

Nilirudi kwenye injini. Mke wangu alinisaidia, si kwa kunipenda siku hizo bali kwa kumtaka mama yake. Tulilaza kranki mahali pake. Tulipima kila beringi kwa ule uzi wa plastiki, nafasi zikaja sawa, zote, kama kitabu kinavyotaka. Yeye alinipa boliti moja moja, nami nikakaza kwa hatua, kidogo, halafu kidogo tena, halafu kipimo kamili, na kila "tik" ilipolia alichora mstari mweupe. Mkono wake ni wa mshonaji. Mistari yake ilinyooka kuliko yangu. Tulikuwa tumefika kwenye kifuniko cha mwisho aliponiuliza, bila kunitazama:

"Zile za zamani, mama alizoosha, zingetumika?"

"Zisingetumika."

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema uongo, na sijui kwa nini sikusema. "Siku ya kwanza."

Aliweka kibati cha rangi chini. Aliniangalia, na ninavyokumbuka, katika watu wote niliowaeleza jambo lile, yeye peke yake aliniamini papo hapo. Aliingia ndani. Boliti zilizobaki nilizikaza na kuzichora mwenyewe.

Landrova iliwaka siku ya Jumamosi. Ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, kisha ikashika, ikatulia kwenye mngurumo mzito usiogonga hata mara moja. Majirani walikuja. Wale mafundi wa gereji walikuja pia, wakainamisha masikio kwenye bloku, na mmoja akanipa mkono. Mtaa ulikuwa umeona. Nilichokuwa nakitaka tangu siku ya magodoro nilikuwa nimekipata, na aliyeomba kuusikia mngurumo ule alikuwa Nyarugusu. Sikujua pa kuweka macho. Niliizima mapema nikasingizia joto.

Tuliondoka na mke wangu, kitenge kwenye mfuko, mbuzi amefungwa nyuma. Injini mpya haikimbizwi, kwa hiyo malori yote ya barabara ya Kahama yalitupita na kutupigia honi. Tulilala Kahama, mtaa wa Nyasubi, kwa ndugu zao, ili injini ipoe nami nirudie kukaza boliti za hedi, kile kichwa cha juu cha injini, asubuhi, kama inavyotakiwa baada ya safari ya kwanza. Kutoka hapo tulishika njia ya Kakola, vumbi tupu. Mke wangu hakusema neno. Mbuzi alisema njia nzima.

Mjomba wa mke wangu ana karasha kule Nyarugusu, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na injini za dizeli anazijua kwa kuishi nazo. Alitupokea vizuri, akatukalisha barazani pamoja na wachimbaji wawili watatu waliokuwa wanasubiri zamu. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma ya baraza, nilisikia kikohozi. Mbuzi alipokelewa, kitenge kikapokelewa, mjomba akasema maneno yanayosemwa, na faini ikawa imeisha. Kila mtu alitabasamu. Nikasema bado nina jambo.

Nilikuwa nimekuja na ushahidi. Nilifungua kitambaa nikampa mjomba zile beringi kuukuu. Nilidhani mtu wa injini ataona shaba na kuelewa mara moja. Aliigeuza moja kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo ya mchanga. Shaba ilikuwa inang'aa kotekote, maana majivu na gunzi vilikuwa vimeisugua shaba yenyewe pia. Alama zote za ule ulaji wa zamani, nilizozisoma mimi siku ya kwanza, zilikuwa zimefutika chini ya usafi.

"Duh," alisema mjomba. "Dada kweli alizimaliza hizi."

"Hapana, mjomba. Shaba ilikuwa imeshatokea kabla. Zilikuwa mbovu."

Aliwageukia wachimbaji wake, beringi mkononi, uso umemchangamka. "Mnamwona mkwe wetu? Mali imekwanguliwa namna hii, yeye anasema zilikuwa mbovu. Nyie mna wakwe wa namna hii?" Mmoja wao akasema kwake hakuna. Mwingine akaondoka kwenye kiti chake akanipa, nikae mimi.

Sikukaa. Nilifanya jambo ambalo hata leo mwili unanisisimka nikilikumbuka. Nilizunguka baraza nikaenda mpaka kwenye ukuta wa jikoni, karibu kuliko inavyoruhusiwa, nikageuza mgongo ili nisimwone, nikasema kwa sauti.

"Mayu. Ni mimi."

Mlio wa mwiko kwenye sufuria ulikoma.

"Mayu, hukuharibu kitu. Beringi zilikuwa zimekufa tangu mzee yuko hai. Nilikuwa nimeshanunua nyingine. Nilifoka kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Nilitaka wanione fundi. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Kosa ni langu peke yangu."

Nilikuwa sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa pamoja. Jasho lilinitiririka mgongoni, uleule niliomgeuzia. Nilikuwa na tumaini, nakiri, nilidhani maneno yamefika.

"Asante, baba," alisema. "Mungu akusitiri kama ulivyonisitiri mimi mbele ya ndugu zangu."

Nikasema, "Mayu, sikusitiri." Akasema, "Asante, baba." Nikasema tena. Akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na mke wangu akaja akanishika mkono kuniondoa pale, kwa sababu kila nilivyoendelea kusema kweli ndivyo nilivyozidi kuwa mtu mwema. Chakula kilipoletwa, kipaja cha kuku mama mkwe alinitengea mimi.

Alikubali kurudi. Kesho yake asubuhi mke wangu alimpandisha nyuma, akakaa naye huko, mimi peke yangu mbele. Kioo cha kutazama nyuma nilikielekeza kwenye paa ili nisije nikamwona. Mjomba na wachimbaji walitupungia mikono. Injini ilinguruma vizuri, na nilisubiri kusikia kutoka nyuma hata neno moja juu ya mngurumo ule, sikusikia.

Njia ya kwenda Kakola ina mashimo, na Landrova ile haina huruma. Baada ya muda nilisikia kitu kikigonga bati, kisha tena, kila tulipoingia shimo. Nilimwuliza mke wangu ni nini. Akasema ni mama, anarushwa, bega linagonga ubavu wa gari.

"Mwambie ashike chuma hapo pembeni."

"Nimeshamwambia."

"Sasa?"

Mke wangu alisogea mbele karibu na sikio langu, ili mama yake asisikie.

"Mikono ameifunga ndani ya kanga. Anasema hatagusa kitu chochote cha gari hili, asije akakiharibu."